Cheni Iliyogusa Msumari wa Mtongwe

Vijana wangu wa kikosi cha miti, tangu nirudishe kofia na glavu za kazi mmenishikilia niwaandikie namna ninavyonoa cheni ya pawaso, msumeno wetu wa mashine, nyumbani. Nilidhani mnanitania, kwa sababu nilipokuwa nanyi nililieleza jambo hilo kila asubuhi, nanyi mlikuwa mkitazama simu. Lakini Baraka, msimamizi wetu, amenipigia akaapa kwamba si utani, cheni zenu siku hizi zinatafuna mti badala ya kuukata. Basi nitaandika kidogo kidogo, nikimaliza nitawatumia katika kundi letu la simu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyangu havikumfurahisha mtu, hata mimi mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mashine. Nilifika yadi ya Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta, nimevaa shati jeupe kwa sababu mama alishikilia. Mzee Mutua, aliyekuwa mkataji wetu mkuu, alilitazama lile shati, akaingia stoo, akatoka na cheni kuukuu iliyoota kutu na tupa moja ya duara. Akanitilia vyote mikononi pamoja na mafuta yake meusi.

"Nenda nayo kwenu," akasema.

"Nikaifanye nini, mzee?"

"Ukae nayo. Ikianza kukukata vidole, rudi."

Nilirudi na vidole vimefungwa matambara. Akanifungua kimoja, akatazama, akaniambia nikatafute kofia inayonitosha. Hakuna aliyewahi kunipa mtihani mwingine.

Mutua alikuwa Mkamba mfupi, shemasi wa kanisa, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikuja pwani na malori akabaki, akaishi katika nyumba za wafanyakazi palepale Changamwe hadi alipozeeka. Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, kisicho na salamu, na huku kwetu Jomvu Kuu mtu akisema vile hudhaniwa ana ugomvi. Hata hivyo alijifunza mapema kusema shikamoo kila anapoingia ua wa mtu, maana aliona kwamba bila hiyo hupewi maji na hupewi ukweli kuhusu mti.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Cheni hunolewa nyumbani, na mwenye cheni. Kule kwenye kazi, alisema, kila mtu hudanganya. Mwenye nyumba anakutazama, msimamizi anatazama saa, unapitisha tupa juu juu unasema tayari. Nyumbani hakuna wa kumdanganya. Na mkono uwe mmoja, kwa sababu kila mkono una upande unaoulemea. Mkono wako ukiacha meno ya kushoto marefu kuliko ya kulia, mashine itakata ikipinda, na siku moja itakurukia. Mutua alikuwa akipapasa tu uso wa gogo lililokatwa, halafu anasema, "Huyu mkono wake wa kulia ni mvivu." Mara nyingi alikuwa akinisema mimi.

Sasa namna yenyewe. Nina jiliwa la chuma nililolifunga juu ya kipande cha mwarobaini, nyuma ya nyumba, pale njia ya miguu inapoteremkia mikokoni. Nalibana bamba la mashine hapo ili cheni isitikisike. Kwanza naiosha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Mke wangu Mwanasha husema mswaki huo huwa wa zamani tangu pale ninapouchukua. Kisha natafuta jino lililoumia kuliko yote, nalitia alama kwa rangi yake ya kucha nyekundu, kwa maana hilo ndilo litakalotawala. Meno yote yatashushwa hadi lilipo hilo. Vijana wengi huanza na jino zuri kwa kuwa linafurahisha, halafu wakifika kwenye bovu wanarudia kazi yote.

Tupa husukumwa kwenda mbele tu. Ukirudi, inua. Ukiiburura kurudi, unaiua tupa na jino halipati kitu. Sukuma sawasawa, nguvu ileile kwa kila jino, maliza upande mmoja ndipo uzunguke upande wa pili. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo, nacho kipunguze mara mojamoja kwa tupa bapa, kidogo tu, ukizidisha mashine itakuwa inauvamia mti. Usikilize. Jino butu hulia kwa kukwaruza. Jino lililokubali hutoa sauti moja fupi, laini, kama mtu anayevuta pumzi. Na ukienda kazini uone mashine inatema vipande vya mti, umenoa vizuri. Ikitema unga, rudi nyumbani.

Adui wa cheni si mti. Ni chuma kilichomo mtini. Nimekutana na waya za ua, kulabu za kuanikia samaki, na katika mti mmoja wa mkungu kule Changamwe kufuli zima lililokuwa limefungwa, na mti ukalimeza likiwa vilevile. Hayo ni ya bahati mbaya tu. Lakini huku kwetu kuna misumari inayopigiliwa mtini kwa makusudi, na nyinyi mliotoka bara nataka mlijue hili. Zamani mtu akiwa na maradhi yasiyoeleweka, au ana kitu kinachomfuata, wazee wake humpeleka kwa fundi wa dawa. Fundi huchukua kitu cha mgonjwa, mara nyingi nywele, akakizungushia msumari, akaupigilia kwenye mti mkubwa kwa maneno yake. Kile kinachomfuata hubaki pale. Mgonjwa huenda zake, na mti huendelea kunenepa hadi kichwa cha msumari kisionekane.

Mutua hakuamini hata chembe. Lakini kila tulipoitwa kwenye mti mkuukuu alizunguka shina akilipapasa, kisha akawauliza wenye ua, "Hapa nani alipigilia nini?" Nilimwuliza siku moja kwa nini shemasi anauliza mambo kama hayo. Akasema, "Mimi siogopi majini. Naogopa chuma." Mimi nilikuwa naogopa vyote viwili. Baadaye alistaafu akarudi kwao, nami nikaendelea kuuliza swali lake kila mahali, na mara nyingi nilijibiwa kwa kicheko.

Mahali ambapo sikujibiwa kwa kicheko ni Mtongwe.

Wakati huo Baraka ndiyo kwanza amepewa usimamizi, na wengi wenu hamjafika. Tuliitwa kwa mama mmoja mtu mzima, Bi Saumu, ambaye mkwaju wake ulikuwa umeinamia nyumba. Tawi kubwa lilikuwa juu ya chumba walicholala wajukuu wake, mvua za masika zilikuwa zimeulainisha udongo, na ukuta ulishaanza kufanya ufa. Nyote mnaujua mkwaju. Mti wake ni mgumu, moyo wake mweusi, na cheni iliyotoka kunolewa huchoka kabla hata hujatoa jasho.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Juu kateni, hapo nawapa radhi zote. Shina niwachieni."

Baraka alikuwa na haraka. "Mama, tukiacha shina si tutarudi tena mwaka ujao? Heri tumalize mara moja."

"Muna misumari ya watu humo."

Nilizunguka shina nikalipapasa. Kweli vilikuwapo vichwa kadhaa, vimeota kutu, na gome limevivimbia pande zote. Nikamwuliza wenyewe wako wapi.

"Wengine washakufa," Bi Saumu akasema. "Wengine wahai, na wako salama kwa kuwa hiyo misumari i papo hapo."

Baraka alicheka kidogo kwa chini, naye ni mtu mwema, hakutaka kumvunjia heshima. Siku hiyo tukayashusha matawi yaliyoikalia nyumba, na wajukuu wakalala bila hofu. Siku iliyofuata Baraka akasema shina nalo liende. Nilichora mstari juu ya msumari wa mwisho niliouona, usawa wa kifua changu hivi, nikaiwasha mashine.

Ilianza vizuri. Vipande vya manjano, kisha vya kahawia nilipoukaribia moyo. Halafu mashine ikapiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwenye chuma chochote, ikaruka, ikazimika yenyewe. Niliuvuta msumeno nikachungulia. Ndani kabisa palikuwa na msumari wa kufuliwa kwa mkono, wa pembe nne, unang'aa pale cheni ilipoulamba. Nje haukuwa na dalili. Mti ulikuwa umeumeza wote.

Bi Saumu alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma yangu.

"Mumeugusa?"

"Tumeugusa, bibi."

"Umetoka?"

"La, umo vilevile. Cheni imeula kidogo tu."

Akatazama ile cheni, akatikisa kichwa. "Basi kaangalie ni nani atakayeitika," akasema, akarudi jikoni. Sikumwelewa. Nilimwambia Baraka cheni imekufa, nitainoa nyumbani, shina lingoje. Akakubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Nyumbani nilioga, nikaswali alasiri, nikaenda nyuma kwenye jiliwa langu. Mwanasha alikuwa ndani kwenye cherehani yake, akishona sare za wasichana wa madrasa, nami nilikuwa nasikia mashine yake ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Niliiosha cheni. Katika jino moja palikuwa na kitu chembamba kimejisokota, nikadhani ni uzi wa gome. Nilipoutoa niliona ni unywele, na pamoja nao kijiuzi chekundu. Niliviweka kando juu ya gogo. Nikatia alama, nikashika tupa, nikasukuma.

Cherehani ikasimama. "Abee," Mwanasha akajibu kutoka ndani.

Nikadhani kuna jirani aliyemwita mlangoni. Nikasukuma tena.

"Abee."

Mwanasha ni mtu wa maneno. Akiitwa na mimi hujibu "nini tena," hata mbele ya wageni, na tumezoeana hivyo tangu ujana. Abee huwapa watu wazima anaowaheshimu sana, na mama yake alipokufa nilidhani sitaisikia tena nyumbani kwangu. Tena mnajua kwetu mtoto hufundishwa mapema asiitikie kabla hajajua anayemwita ni nani. Mwanasha amewafundisha hivyo watoto wetu wote, na mjinga aliyesahau alifinywa. Kwa hiyo nilishtuka, nikaacha kunoa.

Mimi ni fundi, na fundi hujaribu. Niliizungusha cheni hadi kwenye meno ambayo hayakugusa kitu, nikayanoa. Cherehani ikaendelea bila kusita. Nikairudisha kwenye meno yaliyogusa msumari. Nikapitisha tupa taratibu sana, kwa namna ambayo hata mimi nilisikia kwa shida, na mtu aliye ndani na mashine yake asingeweza kusikia kitu.

"Abee."

Mara hii alitoka. Alikuwa na uzi mdomoni na tepu ya kupimia shingoni, akanitazama kwa hasira kidogo.

"Waniita wewe?"

"Sikukuita."

"Basi n'nani?"

"Labda watoto wa jirani."

"Si watoto. Ni sauti ya mtu mzima, yaniita kwa adabu." Akautoa ule uzi mdomoni. "Wala sikuwa na niya ya kuitika, Shee. Mdomo umetangulia."

Nilimwambia akae. Nikamweleza tulikokuwa, na mti gani, na cheni iligusa nini. Mwanasha amezaliwa Likoni, upande huohuo wa Mtongwe, nami nilimwoa huko. Aliivua ile tepu shingoni, akaikunja. Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia, kwa sababu, alisema, alikatazwa kulitaja na baadaye akalisahau kweli.

Alipokuwa mdogo alikuwa akiinuka mchana kweupe, katikati ya mchezo au chakula, akasema "abee," akaanza kuteremkia majini. Hakukimbia. Alikwenda kama mtoto aliyetumwa. Walimrudisha, akaenda tena. Mara ya mwisho walimkuta maji yamemfika kidevuni, ametulia, anasikiliza. Nyanya yake akampeleka kwa fundi. Alifunikwa kaniki usoni asione njia wala mti. Alikumbuka kukatwa nywele za utosini, na mlio wa nyundo, na kwamba alipolia mtu alimtia kitu kichungu cha kunyonya mdomoni ili anyamaze.

"Kitu gani?" nikamwuliza.

"Ukwaju."

Sikuinoa tena cheni ile. Nasema wazi, niliogopa, lakini si jini wala msumari, niliogopa kubaki peke yangu. Tatizo langu la kwanza lilikuwa chini, kwenye mchanga, ambako unga wa chuma uliotoka kwenye meno yale ulikuwa umemwagika, na Mwanasha hufagia ua kila asubuhi. Nilitoa sumaku ya redio mbovu nikaipitisha kwenye mchanga wote. Mwanasha alisimama kando akiniambia usipulize, usipulize, huku ameushika ukingo wa mlango. Tuliukusanya unga, unywele na ule uzi mwekundu, akakata kipande cha bafta nyeupe, tukavifunga.

Kesho yake nilimwambia Baraka kwamba kukata pale ni kupoteza cheni moja baada ya nyingine, na kwamba kisiki kikibaki kirefu kama mtu hakitamdhuru yeyote, maana uzito wa mti ulikuwa juu. Hayo yalikuwa kweli tupu, na Baraka huheshimu cheni kuliko majini. Tulilikata shina juu zaidi, kwa cheni nyingine. Walipokuwa wanapanga magogo nilikisukumiza kile kifurushi katika mpasuko nilioufanya jana yake, nikauziba kwa kabari ya mti, nikaipiga hadi ikawa sawa na gome. Cheni yenyewe niliifukia mizizini. Bi Saumu alinitazama tangu mwanzo hadi mwisho.

"Aliyeitika n'nani?" akaniuliza.

"Mke wangu."

"Maskini." Alikaa juu ya gogo. "Sikiza, mwanangu. Msumari ukikaa pale pale, amwitaye hana njia ya kumfikia. Ataita tu. Na asipochokozwa, hata kuita hataita. Lakini msumari ukitoka, na chuma kilichougusa kikawa chapitishwa tupa, hapo sijui."

"Hujui nini, bibi?"

"Sijui utamzuilia kwa kitu gani."

Alikuwa na uso wa mtu anayeomba radhi. Nilimshukuru, nikachukua kofia yangu.

Baada ya hapo nyumba ilitulia. Mwanasha alirudi kuwa Mwanasha, akanisema kwa miswaki na kwa mafuta ya taa sakafuni, na jambo lile hatukulitaja. Kitu kimoja tu kilibadilika. Kila nilipoanza kunoa cheni yoyote, cherehani ilisimama kidogo. Alikuwa anasikiliza. Nami nilisubiri, tupa mkononi, hadi nisikie mashine imeanza tena, ndipo nikapitisha tupa ya pili. Ninyi mlioniona niko polepole katika kunoa mkasema ni uzee, sasa mmejua.

Nimewaandikia haya yote ili nifike kwenye ombi. Cheni ikigusa chuma cha kawaida, fanyeni nilivyoeleza hapo juu, anzeni na jino bovu, mtapona. Lakini kile kisiki cha Mtongwe mkipewa kazi yake, kikataeni. Semeni mashine ni mbovu. Semeni mimi nimewakataza. Nilitaka kumalizia hapo, na kuwatakia kazi njema.

Sikumaliza. Nilikuwa nasoma upya nilichokiandika, kabla ya adhuhuri, nimekaa barazani. Tupa zangu zote zilikuwa sandukuni, na sanduku liko chini ya kitanda. Cherehani ilikuwa inakwenda. Ikasimama.

"Abee," Mwanasha akasema.

Niliingia ndani. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya kitambaa, anatazama ukutani upande wa maji. Nikamshika bega. Akaniambia kwa sauti yake ya kawaida, "Usinishike, siskii vizuri." Kisha akasema abee tena, na tena, kwa mwendo ambao mimi naujua kuliko mtu yeyote. Huo ni mwendo wa tupa. Mbele, inua. Mbele, inua. Palikuwa na mtu ananoa, na ananoa vizuri.

Nilimpigia Baraka. Akanipa habari kwa furaha, maskini, akidhani nitampongeza. Bi Saumu alifariki, warithi wanataka kujenga, na jana mmeking'oa kile kisiki mizizi na yote. Mashine zote ziligonga chuma. Misumari imetoka na kuni, na kuni zimepakiwa lori, hajui zimekwenda wapi.

"Na cheni?" nikamwuliza.

"Hazikuwa na maana tena. Kila mmoja ameenda na yake nyumbani akainoe, vile ulitufundisha."

"Nani ananoa sasa hivi?"

"Nitajuaje, Fundi? Leo si wamepumzika. Labda wote."

Nimewapigia mmoja mmoja. Mmoja wenu simu yake imezimwa. Mwingine inaita bila kupokelewa, nami najua kwa nini, kwa kuwa niliwaambia mimi mwenyewe kwamba anayenoa aiweke simu mbali. Waliopokea nimewaambia waache, na wameacha, na huku ndani haikupungua. Kwa hiyo nawatumia maandishi haya kama yalivyo, bila kusahihisha, pengine simu hiyo italia mlio wa ujumbe na mwenyewe ataitazama. Ewe unayenoa, kama unasoma, weka tupa chini. Usimalizie jino. Usipige hata moja ya mwisho.

Mwanasha ameondoka kwenye cherehani. Amenawa uso, amevaa buibui, ameweka mkasi na tepu ndani ya kikapu kama afanyavyo siku za Ijumaa anapofunga kazi. Nimemkalia mlango. Nimemsemesha mambo ya watoto, nimemkasirisha kwa makusudi, nimemwambia nimetumia mswaki wake mpya kuoshea mashine. Amenitabasamia tu, kwa adabu, kama ninavyotabasamiwa na wageni.

"Waenda wapi, Mwanasha?" nimemwuliza.

Hakunijibu mimi. Ameinua uso kuelekea njia ya mikokoni, na safari hii hakusema abee. Amesema, "Naja."

Mimi si mtu wa kumfunga mke wangu kamba. Maji yamejaa, nayaona kutoka hapa. Yeyote kati yenu aliye karibu na aje, na unayenoa uwache, kwa maana hii simu naiweka chini sasa. Anapita mlangoni, nami nimekwisha kumshika mkono.